Dolari ya feza ya baba mukubwa, na kwa nini sikuiacha iingie kwa moto

Tulipomaliza matanga ya baba mukubwa kule Katuba, Lubumbashi, wazee wakagawa vitu vyake, redio kwa huyu, kinga (baiskeli) kwa yule, makoti kwa wajukuu, na mimi nikaachiwa bwate ya biskuti yenye hakuna mtu aliitaka. Ndani mlikuwa funguo za nyumba zenye sijui ziko wapi, karti yake ya kazi ya Union Minière, ile kampuni ya migodi, visarafu vya Katanga vya 1961 vile vyenye ndizi upande mmoja na musalaba wa shaba upande wa pili, na chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichofungwa fundo mbili, vipande viwili vikubwa vya feza. Kimoja nitakisema kule chini juu kinaniuma mpaka leo. Kingine ndicho nilikibeba kwa fundi wa bijou siku tatu baadaye, manake mwezi ule nilikuwa na deni la minerval (karo ya shule) ya watoto wawili na mtu mwenye deni hachagui mlango.

Fundi akakiweka ku balansi, akakigeuza, akakigonga kidogo na kucha. "Papa, hii iko feza ya kweli, nakupa dolari 12, naiyeyusha leo leo, kuko mama anangojea hereni za arusi." Moto ulikuwa umewaka tayari. Nilifungua mdomo niseme ndiyo, halafu jua likapiga kile kipande na nikasoma mwaka, 1921, na maneno UNITED STATES OF AMERICA. Nikamwambia, fundi wangu, subiri kwanza. Hivi vyote ninavyoandika hapa vilianzia ku ile "subiri kwanza", miezi ya kusoma usiku ku telefone, kuuliza watu wanaokusanya sarafu, kupima na kupima tena, na sasa nataka mtu mwingine mwenye ana bwate kama ile nyumbani ajue kabla hajafika kwa moto.

Kwanza hilo neno. Sisi wa Lubumbashi makuta tunayaita feza, "sina feza", "feza imeisha", na hatufikirii kabisa kama feza ni jina la madini, ile nyeupe. Waswahili wa pwani wanaandika fedha, ni kitu kimoja. Neno linakumbuka wakati ambapo pesa ilikuwa kipande cha chuma chenye uzito wake, unakiweka ku mzani na kinakuambia chenyewe kina thamani gani. Leo watoto wetu hawajawahi kushika sarafu hata moja, falanga zote ni makaratasi, na dolari ndiyo usiseme, mkambisti (mwenye kubadilisha makuta) akiona pembe imepasuka milimita mbili anakurudishia, "hii haipite". Karatasi ya 1 dolari tunaibembeleza kama yai, kumbe ile dolari ya zamani unaweza kuiangusha ku simenti na inaimba tu.

Uzito wake basi. Dolari ya feza ya Marekani, ile ya miaka ya 1840 mpaka 1935, ina gramu 26.73, feza 90 kwa mia na shaba 10 kwa mia, upana milimita 38. Ile shaba wanaitia juu feza peke yake ni laini, inaisha haraka mikononi, na mimi kama mtoto wa mji wa shaba nilifurahi kweli kusikia hivyo. Ya baba mukubwa ilisoma 26.6 ku balansi ya fundi, imelika kidogo tu. Ukitoa shaba inabaki feza ya karibu gramu 24, yaani 0.77 ya wakia ile ya kupimia feza na dhahabu (gramu 31.1). Tuseme wakia moja ya feza iko dolari 30, zidisha, unapata kama dolari 23. Bei inabadilika kila siku, angalia ya siku yako, lakini hesabu ni hiyo hiyo. Kwa hiyo dolari 12 za yule fundi zilikuwa nusu ya chuma chenyewe hata kabla ya kuuliza kama kuna mtu anakitafuta. Simlaumu, ile ndiyo bei ya kazi yake, yeye alikuwa ananunua hereni, hakuwa ananunua historia.

Na hiyo historia ina mambo. Jina dolari limetoka ku mji mdogo wa milimani unaitwa Joachimsthal, leo uko Jamhuri ya Cheki na wanauita Jáchymov. Kwenye miaka ya 1520 walikuwa wanachimba feza kule na kutengeneza sarafu kubwa, watu wakaziita joachimsthaler, kisha thaler tu, kisha likatembea likawa dollar. Sasa sikilizeni ndugu zangu wa Likasi na Kambove: migodi ile ile ya Joachimsthal ndiyo baadaye ilitoa madini ya radium ambayo dunia nzima ilikuwa inayategemea, mpaka mgodi wetu wa Shinkolobwe ukaonekana mwaka 1915, na kuanzia 1922 kiwanda cha Olen kule Ubelgiji kikaanza kutoa radium ya mawe ya Katanga na kuwapokonya soko. Yaani mji uliozaa jina la dolari uliangushwa na shimo letu. Na haijaishia hapo, wakati wa vita vya pili Wamarekani walipochukua uranium ya Shinkolobwe kwa ajili ya bomu ya atomiki, walikosa shaba ya kutosha kutengenezea sumaku kubwa za kiwanda cha Oak Ridge, wakaenda kuazima feza ku hazina ya serikali yao, zaidi ya tani 13,000, wakazungusha nyaya za feza. Nilipojua hivyo nilikaa kimya muda mrefu na ile sarafu mkononi. Sisi na hiyo feza yao tumefungana zamani kuliko tunavyofikiri.

Marekani ilianza kutengeneza dolari yake mwaka 1794 kule Philadelphia, vipande 1,758 tu mwaka ule wa kwanza, na kabla ya hapo (na hata baada, mpaka 1857 kwa sheria) watu wao walikuwa wanatumia reale za Hispania kama sisi tunavyotumia dolari zao leo. Moja ya zile za 1794 iliuzwa Januari 2013 zaidi ya dolari milioni 10.

Lakini ile inayonigusa mimi ni dolari ya 1804. Inaitwa mfalme wa sarafu za Marekani na haikutengenezwa 1804 hata kidogo! Mwaka 1834 serikali yao ilitaka kutuma zawadi kwa wafalme wa mbali, wakaagiza seti ya sarafu zote za nchi, mafundi wakafungua vitabu wakaona dolari za mwisho ziliandikwa mwaka 1804 (kumbe zile za mwaka ule zilipigwa na tarehe ya 1803), wakatengeneza mpya wakaziandika 1804. Mjumbe wao Edmund Roberts akazibeba ku meli, seti moja ikaenda kwa mfalme wa Siam (Thailand ya leo), nyingine ikaenda kwa Sayyid Said, sultani wa Maskati na Zanzibar. Sayyid Said yule yule! Ambaye misafara iliondoka pwani wakati wake na wa watoto wake, ikapanda mpaka Maniema, mpaka Bunkeya kwa Msiri kutafuta pembe na shaba, na ndiyo hiyo misafara ilituletea hii lugha ninayoandikia. Dolari inayoaminika kuwa ya Sayyid Said iliuzwa 1999 milioni 4.14, na Agosti 2021 ikauzwa tena milioni 7.68. Za 1804 zote zinazojulikana duniani hazifiki 20. Mtu akisema sarafu za Marekani hazituhusu sisi Waswahili mimi nampa hii hadithi na chai.

Turudi ku ya baba mukubwa. Inaitwa Morgan, jina la George T. Morgan, Mwingereza aliyeichora, na ule uso wa mwanamke ni wa mwalimu mmoja wa Philadelphia, Anna Williams. Zilipigwa kuanzia 1878 mpaka 1904, kisha tena mwaka 1921. Sababu ya kuzaliwa kwake ni migodi. Nevada walikuwa wamepata feza nyingi sana, ku migodi ya Comstock, tangu 1859, halafu mwaka 1873 serikali ikabadilisha sheria ikaacha kupiga dolari ya kawaida ya feza, bei ikaporomoka, wachimbaji na wakulima wenye madeni wakalia mpaka wakaita ile sheria uhalifu wa mwaka 73. Nani hapa hajui kilio cha mgodi bei ikianguka? Mwaka 1878 bunge likawakubalia, hazina ikalazimishwa kununua feza ya dolari milioni 2 mpaka 4 kila mwezi na kuipiga sarafu. Zikapigwa mamilioni kwa mamilioni, watu wenyewe hawakuzitaka sana juu zinalemea mfuko, zikawekwa ndani ya magunia, sarafu 1,000 kila gunia, zikalala ku stoo za serikali.

Kisha mwaka 1918 Uingereza ikakwama India, watu kule walikuwa wanarudisha makaratasi wanadai feza yao na feza ilikuwa inaisha, Marekani ikatoa sheria na kuyeyusha dolari zaidi ya milioni 270. Milioni 270! Na hakuna aliyeandika ni za miaka gani. Hii ndiyo siri ya bei za leo: ukisoma kwamba mwaka fulani zilipigwa milioni 3, haina maana ziko milioni 3, labda nyingi ziliingia ku ule moto. Sheria hiyo hiyo ilisema zitengenezwe nyingine kurudisha zilizoyeyushwa, ndiyo maana 1921 Morgan akarudi. Vyuma vya kupigia vya zamani vilikuwa vimeharibiwa mwaka 1910, mzee Morgan akachonga upya, na ukiangalia ya 1921 na ya 1880 pembeni kwa pembeni utaona manyoya ya kifua cha tai ku ile ya 1921 yako bapa, hayajainuka. Ya baba mukubwa iko hivyo hivyo. Mwisho wa mwaka ule ikatoka mpya, ya amani, ya Anthony de Francisci, uso ni wa mke wake Teresa, ikaendelea mpaka 1928 halafu tena 1934 na 1935.

Sasa herufi. Geuza upande wa tai, chini yake kuna taji la majani limefungwa na utepe, chini ya fundo la utepe, juu tu ya D na O za neno DOLLAR, angalia na lupa au kamera ya telefone. Kukiwa S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City kule Nevada penyewe, D ni Denver (Morgan za zamani za D ni za 1921 peke yake), pasipo kitu ni Philadelphia. Ile herufi ndogo kama kichwa cha kiberiti ndiyo inatofautisha dolari ya kulisha nyumba wiki moja na dolari ya kujenga nyumba. Ya 1921 bila herufi zilipigwa milioni 44 na kitu, ni ya kawaida kabisa, inauzwa juu kidogo ya chuma. Lakini 1893 yenye S zilipigwa 100,000 tu, hata iliyolika uso mzima inaenda maelfu, na moja safi sana ilipita milioni 2 mwaka 2021. 1889 CC nayo bei yake nzito. 1895 ya Philadelphia inajulikana kwa zile 880 tu zilizopigwa maalumu kwa wakusanyaji.

Na msidhani uchache ni wa milele. 1903 ya New Orleans ilikuwa inatafutwa kama dawa, vitabu vya bei viliiweka dolari 1,500, halafu mwisho wa 1962 hazina ikafungua stoo kwa ajili ya zawadi za Noeli na magunia ya 1903 O yakatoka yakiwa hayajaguswa. Bei ikaanguka vibaya sana. Kuna watu walikuwa wamenunua wiki ile ile, nawaonea huruma kweli. Carson City pia, serikali ilijikuta imebaki na karibu milioni 3 za Morgan, nyingi za CC, ikaziuza kwa posta kuanzia 1972 mpaka 1980, na leo zile zenye kiboksi chao cha plastiki bado watu wanazigombania.

Hali ya sarafu wanaihesabu kutoka 1 mpaka 70. Kuna makampuni mawili makubwa ya Marekani yanayotoa hizo namba, PCGS tangu 1986 na NGC tangu 1987, wanafunga sarafu ndani ya plastiki ngumu. Kwa sarafu ya kawaida kama yangu hakuna faida, utalipa zaidi kuliko utakachopata.

Hapa nafika ku ile inayoniuma. Kipande cha pili cha baba mukubwa kilikuwa cha Léopold II, falanga 5 za feza za 1896, za État Indépendant du Congo, ukubwa karibu sawa na dolari, gramu 25, na upande wa ngao imeandikwa TRAVAIL ET PROGRÈS. Kazi na maendeleo. Wakati ule watu wetu walikuwa wanakatwa mikono kwa ajili ya mpira. Sijui baba mukubwa alikipata wapi, hakuwahi kutuambia, lakini wakusanyaji wanakitafuta kuliko Morgan ya 1921 mara nyingi. Kilikuwa na ile rangi ya kijivu nyeusi ya miaka, imekaa vizuri kama moshi ku sufuria ya bibi. Yaya, mtoto wake wa kwanza, alitaka kiwe kizuri cha kuonyesha familia siku ya kumaliza matanga, akakikamata na ndimu na majivu na kitambaa kigumu, akasugua upande wote wa ndevu za mfalme mpaka kikang'aa kama kijiko. Alifanya kwa upendo, alikuwa analia anasugua. Sikumwambia kitu, na hata leo sijamwambia, labda akisoma hapa atanisamehe. Lakini ukikiinamisha kwenye mwanga unaona mikwaruzo midogo maelfu, yote inaelekea upande mmoja, na mwenye macho anaijua sekunde moja. Yule mtu wa kwanza niliyemtumia foto akajibu maneno mawili tu: "imesuguliwa, pole". Bei ilishuka zaidi ya nusu. Kwa hiyo ndugu, usisafishe. Hata sabuni, hata colgate, hata kidole chenye mafuta, shika pembeni tu, weka ndani ya karatasi kavu, acha uchafu wake ni wake.

Na feki ziko, tena nyingi, hasa zinazotoka Asia. Mwezi uliopita kijana mmoja aliyetoka Kasumbalesa alileta kwa fundi wetu dolari ya 1893 yenye S, alikuwa ameinunua dolari 200 kwa mtu wa njiani, kaka yake alikuwa amemkopesha. Fundi akanipigia simu, siku hizi ananipigia kabla ya kuwasha moto. Nikafika na lupa. 1893 S za kweli zote zilipigwa na chuma kimoja upande wa uso, kwa hiyo zina alama moja, kijistari kidogo kilichoinuka ndani ya sehemu ya juu ya T ya neno LIBERTY ku kilemba. Nikatafuta. Hakikuwepo. Tukaweka ku balansi, 22.4. Fundi akaleta sumaku kutoka spika ya zamani, na ile sarafu ikaruka ikajibandika yenyewe. Feza haivutwi na sumaku. Kijana akaiangalia pale imening'inia, akauliza kama tunaweza kumpa hata dolari 5 ya chuma. Nilimnunulia soda tukakaa naye mpaka saa kumi.

Baada ya kuondoka fundi akaniomba nimuandikie yote ku karatasi. Nikaandika kwa bic kubwa: 26.73, kisha S, O, CC, D, kisha "sumaku", kisha "usisugue". Ameibandika ku ukuta juu ya balansi, na moshi umeanza kuigeuza rangi ya kahawa. Morgan ya baba mukubwa bado iko ndani ya kitambaa chake, fundo mbili, pamoja na ile ya Léopold. Minerval nililipa na kitu kingine.